Mwili kaunta, mawazo ziwani

"Bwana Yesu asifiwe. Ninauza dawa katika duka la dawa muhimu hapa Mwanga, Kigoma, na kaunta hiyohiyo tunafanya uwakala wa miamala ya simu. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, anatokea Kibirizi. Anaingia ziwani jioni; saa kumi usiku mimi naamka niende mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, kupokea mzigo, saa mbili asubuhi nafungua duka. Kanisani mimi ni mtunza hazina wa kwaya. Shida yangu ni kwamba nikiwa kazini sipo. Mteja anaeleza, natikisa kichwa, akimaliza namuuliza upya. Chenji nimekosea mara nyingi. Mwezi uliopita nilifidia floti shilingi 40,000 kutoka mfukoni. Lililonishtua ni hili: nilimpa mama dawa mseto ya malaria ya vidonge 12 kwa mtoto wa kilo 11. Jirani yake ambaye ni nesi ndiye aliyeona kabla mtoto hajameza. Nimefunga kavu siku tatu, nimeombewa roho ya usahaulifu, nikapata nafuu kama wiki moja na kidogo, kisha ikarudi. Kazini naweka hedifoni sikio moja nisikilize mahubiri ili moyo ubaki kwa Mungu, na naomba kimoyomoyo, lakini naona ndivyo ninavyozidi kupotea. Je, ni adui, ni dhambi ya uvivu, au ni ugonjwa? Na je, niache kwaya?"

Amina, dada yangu, asifiwe milele.

Tuanze na yule mtoto wa kilo 11, mengine yatasubiri. Kama bado hujamwambia mwenye duka na mtaalamu anayelisimamia, waambie leo, kisha uandike kwenye daftari tarehe, saa, dawa iliyotakiwa, dawa iliyotoka, na kilichokuwa kinaendelea kaunta dakika ile. Unajua vipimo, lakini navirudia kwa sababu ndipo kosa lilipokaa: mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 anapewa boksi la vidonge 6, kidonge 1 kila mara, boksi la 12 ni la kilo 15 hadi chini ya 25, vidonge 2 kila mara. Yule mama angefuata maandishi ya boksi kwa uaminifu wote, na kila dozi ingekuwa mara mbili ya inayotakiwa. Siku ikitokea kwamba mtoto amekwisha kumeza, usisubiri dalili. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo pamoja na boksi lenyewe, hata kama anacheza.

Nimeanza hapo makusudi. Barua yako inaueleza moyo wako kwa kirefu na mtoto umemgusa kwa sentensi mbili. Sikulaumu, mtu mwenye dhamiri akikosea hujikagua yeye kwanza. Lakini utulivu wa mawazo kazini, kwa Mkristo, haupimwi kwa jinsi moyo wako unavyojisikia. Unapimwa kwa huyu aliyesimama mbele yako, kama ameondoka na kilicho sahihi.

Umeniuliza kama ni adui, ni uvivu au ni ugonjwa. Uvivu uondoe kabisa. Anayeamka saa kumi usiku kwenda mwaloni si mvivu. Ugonjwa unawezekana, nitaufikia. Adui sibishani naye, ila ningependa tuhesabu kwanza vitu vinavyoonekana kwa macho: usingizi uliokatwa, kaunta yenye kazi mbili zisizopatana, hesabu za kwaya zisizofungwa, na sauti ya mhubiri ndani ya sikio. Ukimweka malaika katika mazingira hayo, kwenye floti naye angekosea.

Nianze na hedifoni, maana ndiyo umeiweka kwa nia njema kuliko yote na ndiyo inayokuumiza kimyakimya. Wengi tumelelewa tukiamini kwamba kazi ya kaunta ni ya dunia na moyo ndio wa Mungu, kwa hiyo mcha Mungu kazini ni yule ambaye mikono yake inahesabu vidonge huku moyo uko madhabahuni. Maandiko hayasemi hivyo. Paulo akiwaandikia Wakolosai, katika sura ya 3 mstari wa 22 na 23, anawaambia watumwa, watu wasio hata na uhuru wa kuchagua kazi, wafanye kazi "kwa unyofu wa moyo" na si kwa utumwa wa macho. Neno la Kigiriki lililo nyuma ya "unyofu" linabeba maana ya kitu kimoja kisichokunjwa mara mbili. Moyo uliokunjwa, nusu kwenye boksi la dawa na nusu kwenye mahubiri, ndio hasa anaowaonya waepuke, hata kama ile nusu ya pili imejaa Neno.

Utaniuliza, na "ombeni bila kukoma" je? Ni Paulo huyohuyo, na katika barua hiyohiyo ya kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 2, anawakumbusha kwamba alifanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu. Kazi yake ilikuwa kushona mahema. Anayepitisha sindano kwenye kitambaa kigumu huku akitunga maneno ya sala ndefu atajidunga kidole. Kuomba bila kukoma ni kuishi mbele za Mungu siku nzima. Halikuwa agizo la kuweka mazungumzo ya pili chini ya kila mazungumzo.

Mtazame Yesu katika Marko 5. Yuko njiani kwenda kwa Yairo, binti wa miaka 12 yuko mahututi, kila dakika ina thamani. Mwanamke mmoja anagusa vazi lake. Anasimama, anageuka, anauliza, anasikiliza habari yote, anamjibu. Hakuzungumza na yule mama huku macho yameelekea nyumbani kwa Yairo. Na alipomaliza naye, akaenda kwa Yairo mzima mzima. Kinachonivutia katika habari hii ni kwamba dharura ilikuwa ya kweli, na hata hivyo watu wawili walihudumiwa mmoja baada ya mwingine.

Sasa kwa nini hedifoni inakupoteza hata ikiwa sikio moja tu? Akili ina sehemu ndogo ya kushikilia mambo unayoyafanyia kazi sasa hivi. Ifananishe na trei yako ya kuhesabia dawa: haikutengenezwa kubeba boksi zima. Nelson Cowan, mtafiti wa kumbukumbu, alikadiria mwaka 2001 kwamba sehemu hiyo hushika kama mambo manne kwa wakati mmoja. Mama akikwambia mtoto ana kilo 11, homa tangu jana, ametapika mara mbili, na asubuhi amepewa panadol, trei imejaa. Mhubiri akitamka sentensi moja tu yenye nguvu, kitu kimoja kinadondoka, na hutajua ni kipi. Tena maneno yana ubaya wake, kwa sababu maneno ya mhubiri na ya mteja yanapita mlango mmoja wa kuelewa lugha. Sikio la pili kuwa wazi hakusaidii. Mlango ni uleule. Ndiyo sababu unatikisa kichwa halafu unauliza upya.

Na hapo kwenye kutikisa kichwa nikuambie jambo ambalo huenda hukulitegemea. Ukitafuta mahali pa kutubu katika barua yako yote, ningepaweka hapo. Kumwonyesha mtu kwamba umesikia wakati hukusikia ni uongo mdogo, na katika duka la dawa ni uongo wa hatari. Dawa yake ni rahisi: "Samahani mama, sijakusikia vizuri, naomba urudie uzito wa mtoto." Hakuna mteja atakayekuchukia kwa hilo. Hedifoni ibaki nyumbani; mahubiri yasikilize ukipika au ukianika dagaa, mikono inapojua kazi bila kichwa.

Jambo la pili ni ile kaunta. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alieleza kitu ambacho kila wakala anakijua bila kukipa jina: ukiacha kazi moja haijaisha ukaingia nyingine, sehemu ya mawazo hubaki kwenye ile ya kwanza. Aliyaita masalia. Mteja ametaja namba, umeingiza kiasi, mtandao umegoma, ujumbe haujarudi, na hujui kama pesa imeondoka au haijaondoka. Wakati huo mama mwenye mtoto anasema, "Nisaidie dawa ya malaria." Unageuka kwenye rafu ukiwa na mwili na labda theluthi ya akili, iliyobaki inangoja ujumbe wa muamala. Si ajabu mkono ukashika boksi la jirani. Angalia kwenye kumbukumbu za miamala ya siku ile, dakika kumi kabla ya kosa. Ningeshangaa kidogo nikikuta palikuwa shwari.

Kwa hiyo weka sheria moja ya kaunta na usiivunje hata kwa rafiki: dawa ikiwa mezani, hakuna muamala; muamala ukiwa umeanza, hakuna dawa. Bandika mstari wa utepe wa gundi katikati ya kaunta, upande mmoja dawa, upande mwingine kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, cha floti. Kinachofanyika upande mmoja kinamalizwa hadi mwisho. Kwa muamala, mwisho ni ujumbe kurudi na wewe kuandika kwenye leja. Mtandao ukigoma zaidi ya dakika mbili, andika namba, kiasi na saa, mwambie mteja akae, na hapo muamala umeufunga kwa muda. Kuandika ndiko kunakoyatoa masalia kichwani. Anayekatiza mjibu kwa sentensi moja, ileile siku zote, usiitafute upya kila mara: "Namaliza dawa ya mama, nakuja kwako." Kwa vidonge vya kuhesabu, hesabu kwa tano tano, na ukikatizwa katikati rudisha vyote koponi uanze upya. Inauma kurudisha 25 wakati unataka 30. Rudisha tu, kukisia ulipofikia ndiko kunakozaa bahasha zenye 28.

Kwa dawa za boksi, soma jina, nguvu na idadi mara tatu: unapoitoa rafuni, unapoiweka mezani, na unapoikabidhi. Mara ya tatu soma kwa sauti pamoja na uzito: "Kilo 11, vidonge 6, kimoja kimoja." Kisha mwombe mama akueleze yeye atakavyompa. Sauti ni ya muhimu, kwa sababu jicho lililochoka husoma kilichotarajiwa, sio kilichoandikwa, na sikio hulishtua. Na wenye duka wanisamehe, lakini maboksi ya 6 na ya 12 yasikae bega kwa bega. Weka rafu tofauti, au weka kitu katikati yake. Kama duka lina mizani, mpime mtoto. Kilo za kukumbuka ni za mwezi uliopita.

Simu yako ya kwako, ile janja yenye makundi, isikae kaunta kabisa. Iwe kwenye mkoba, chumba cha nyuma, imezimwa sauti. Najua utakachosema: mume wangu yuko ziwani, je, wakinitafuta? Mpe yeye na mtu mmoja wa mwaloni namba ya kitochi cha kazini, kwa dharura tu, kupiga na si kutuma ujumbe. Basi. Saa saba mchana na jioni ukifunga, ndizo nyakati za kuangalia makundi.

Na hapa tufike kwa mume wako, kwa sababu nadhani ndiye aliyejaza trei kuliko wote. Hebu angalia saa. Mtumbwi unatoka jioni, unarudi alfajiri. Wewe mwenyewe umepokea mzigo. Saa nne asubuhi, hofu ya ziwani inapokubana kaunta, yeye yuko nchi kavu, pengine amelala chali nyumbani. Hofu hiyo ni ya usiku uliopita au ya usiku unaokuja. Ya saa nne haipo. Yesu aliposema katika Mathayo 6:34 kwamba kesho itajisumbukia yenyewe, hakuwa anawatuliza watu wasio na hatari. Wengine kati ya waliomfuata walikuwa wavuvi wa usiku.

Mambo yanayozunguka kichwani ni ya aina mbili, na wengi tunayatibu kwa dawa moja. Kuna yanayopangika: nani hajatoa mchango wa sare za kwaya, ada ya mtoto, deni la kikoba. Bluma Zeigarnik aliandika mwaka 1927 kwamba kazi isiyokamilika hukumbukwa kuliko iliyokamilika, na ingawa si kila aliyejaribu baadaye alipata matokeo yale, jambo la karibu nalo limethibitika vizuri zaidi: mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kwamba jambo halihitaji kuisha ili liache kukusumbua. Linahitaji mpango maalumu: nini, lini, wapi. Kwa hiyo beba kijidaftari. Likija wazo, andika neno moja na saa: "Sare, Jumamosi baada ya mazoezi, nimpigie katibu." Usiandike "kwaya" peke yake, hiyo akili haiikubali kama mpango, itaendelea kukukumbusha.

Halafu kuna yasiyopangika. Upepo wa ziwani hauna mpango wowote unaoweza kuuandika. Hapo ndipo maombi yanapokaa mahali pake hasa. Petro, naye mvuvi, anasema katika waraka wake wa kwanza, sura ya 5, tumtwike Mungu fadhaa zetu zote. Unajua kutwika. Umewatwisha wanawake wenzako ndoo za dagaa mwaloni. Ukishamtwisha mtu ndoo ikakaa juu ya ngata, unaondoa mikono. Ukiendelea kuishika ukingo, mnayumba wote wawili. Fanya hivyo kwa maneno, kwa sauti ndogo, ukiwa bado nje ya duka kabla hujafungua kufuli. Taja jina lake, taja usiku unaokuja, sema amina, fungua. Dakika mbili zinatosha. Likirudi saa nne, usianze maombi mapya marefu mbele ya mteja. Sema tu "nimeshakutwika hili, Bwana" na umtazame usoni aliye mbele yako.

Sala fupi za katikati ya siku ziweke kwenye vizingiti: mteja mmoja akitoka na kabla wa pili hajaanza kusema. Pumzi moja, "Bwana, huyu." Kisha sikiliza. Ukiwa katikati ya kuhesabu, hesabu. Hiyo ndiyo ibada ya dakika hiyo. Benedict, aliyeandika kanuni ya watawa karne ya 6, aliagiza mtunza ghala avitazame vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Trei yako ya kuhesabia imo humo.

Sasa usingizi. Ningekuwa na swali moja tu la kukuuliza ana kwa ana, lingekuwa hili: ile wiki moja na kidogo ya nafuu baada ya kuombewa, mwezi ulikuwaje angani? Dagaa huvuliwa kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi inapumzika, mume anakuwa nyumbani, na wewe hauamki saa kumi. Sisemi maombi hayakufanya kitu. Nasema chukua kalenda, weka alama za siku za giza, kisha weka juu yake makosa yote unayoyakumbuka: chenji, floti, lile boksi. Kama yamerundikana kwenye giza, umepata mhusika mkuu. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 uliwalaza watu saa sita tu kila usiku kwa wiki mbili. Mwisho wake umakini wao ulikuwa umeshuka kama wa mtu aliyekesha hadi usiku mbili mfululizo, na cha kutisha, wenyewe hawakujiona wamechoka kiasi hicho. Wewe ukilala saa nne usiku na kuamka saa kumi, ndizo saa sita hizo, ukiwa na bahati ya kutoshtukashtuka kwa sauti ya upepo.

Njia za kutoka zipo na kila moja ina bei. Ndugu wa mume au mshirika wake anaweza kupokea mzigo siku tatu za wiki. Mtampa sehemu ya faida, na lazima mumwamini kwenye kuhesabu. Unaweza kumwomba mwenye duka ufungue saa nne katika wiki za giza na ufidie wiki za mbalamwezi. Huenda akakataa, lakini nenda na ile hesabu ya 40,000 na habari ya boksi, uone kama hatasikiliza. Kama kuna msaidizi, lala dakika 20 mchana chumba cha nyuma, kwa kengele. Ukizidisha sana utaamka mzito kuliko ulivyolala. Hiyo ya mwisho ni kiraka, ila ni kiraka kinachoshika. Ningechagua ya kwanza. Kuongeza chai ya rangi saa kumi jioni sikushauri, unakopa usingizi wa usiku.

Na mfungo kavu siku ya zamu uache. Funga siku ya mapumziko. Mtu asiyekula wala kunywa tangu jana anayetoa dawa za watoto hajitoi sadaka yeye peke yake.

Nikuonye kuhusu wiki ya kwanza. Utakuwa mpole kwa mteja na mzito kwa kasi, huenda dakika moja zaidi kwa kila mtu, na foleni ya jioni itanung'unika. Mkono utaingia mfukoni kutafuta simu isiyokuwepo. Kwenye kundi wataandika "mtunza hazina siku hizi amekuwa mkubwa". Siku ya tatu au ya nne utavunja sheria ya kaunta kwa ajili ya mtu unayemheshimu, na pengine ndiyo siku utakayokosea tena. Andika kwenye daftari, endelea. Usianze kujiombea toba ndefu pale pale. Nayo ni kelele nyingine.

Lini uonane na mtu ana kwa ana? Ukilala vizuri mbalamwezi mbili nzima na bado mawazo hayashikiki, nenda kituo cha afya au hospitali ya Maweni. Waambie wapime wingi wa damu, hasa kama hedhi ni nzito, unachoka ukipanda kilima kidogo, au umeanza kutamani udongo. Moyo ukienda mbio, unapungua uzito na mikono inatetemeka, uliza kuhusu tezi ya shingo. Ujauzito nao upimwe. Huwa tunausahau wenyewe. Kama kwa wiki mbili na zaidi huna furaha hata ya kuimba, chakula hakipiti, unaamka alfajiri na kulia hata usipokuwa na safari ya mwaloni, hiyo inaweza kuwa sonona, ina matibabu, na si upungufu wa imani. Kama umekuwa hivi tangu shule ya msingi, mweleze daktari hivyo hivyo, kuna hali ya kuzaliwa nayo inayofanana na hili. Kuzimia, kichwa kuuma ghafla kuliko ulivyowahi, homa inayoambatana na kuchanganyikiwa, au mawazo ya kujidhuru: siku hiyohiyo, usiende peke yako.

Mchungaji wako aendelee kukuombea, wala usimfiche kwamba unakwenda hospitali. Nabii Eliya alipolala chini ya mti wa mretemu akitaka kufa, katika 1 Wafalme 19, malaika alimgusa akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Mazungumzo na Mungu kwenye mlima Horebu yalikuja baadaye.

La kwaya: usiache kuimba. Kuimba ni saa chache za wiki ambazo pumzi, maneno na macho yako viko mahali pamoja, na hilo ndilo unalolitafuta. Acha hazina. Mtunza hazina anatembea na deni la watu kichwani siku saba, na wewe tayari unatunza floti ya mtu na mzigo wa mwaloni. Omba kikao kifupi baada ya mazoezi. Nenda na daftari, fedha taslimu na orodha ya wasiotoa. Hesabuni mbele ya mwenyekiti na katibu, andikeni kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, mtie sahihi nakala mbili, moja ubaki nayo. Wakikuomba umalizie hadi Pasaka, sema hapana, mapema kabla hujaanza kuona aibu. Kisha toka kwenye kundi la michango, ubaki kwenye lile la ratiba ya mazoezi.